OBS Studio ukumbini: picha, video, slaidi na kamera kwenye skrini moja bila mshono kuonekana

Kila aliyekaa kwenye harusi, mahafali au semina ameiona hali hii: video ya maharusi imeisha, skrini kubwa inabaki na mandhari ya Windows, mshale unahangaika kati ya folda, wageni wanasoma majina ya faili yasiyowahusu, halafu wimbo unaofuata unaanza kwa kishindo. Picha zilikuwa nzuri na video ilikuwa nzuri. Kilichoharibu ni maungio. Nguo iliyoshonwa vizuri huoni ilipoungwa, na skrini ya ukumbini inatakiwa iwe vivyo hivyo.

OBS Studio inajulikana zaidi kama programu ya kurusha matangazo mubashara YouTube na Facebook. Hapa tunaipima kwa kazi nyingine, ambayo inaiweza kuliko wengi wanavyodhani: kuendesha skrini ya ukumbini peke yake, bila kurusha chochote mtandaoni. Ni ya bure chini ya leseni huria ya GPL, haibandiki nembo juu ya kazi yako, haina kipindi cha majaribio, na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Ilianza mwaka 2012 mikononi mwa Hugh Bailey, anayeitwa zaidi Jim. Toleo la 28 la mwaka 2022 liliacha Windows 7 na 8, kwa hiyo kompyuta ya zamani yenye Windows 7 itabidi ibaki na toleo la 27.

Hukumu yetu tunaitoa mapema. Kwa picha, OBS inashona vizuri sana. Kwa sauti inayotoka kwenye spika za ukumbi, ina kasoro moja kubwa ambayo wengi hawaijui mpaka siku ya shughuli. Kasoro hiyo ina dawa, lakini dawa yake huandaliwa nyumbani, si ukumbini.

Maonyesho na vyanzo

Chini kushoto kuna orodha mbili. Ya kwanza, "Scenes", ni maonyesho kama ya mchezo wa kuigiza: onyesho la kukaribisha wageni, la picha za utotoni, la video ya wazazi, la kamera, la slaidi za mgeni rasmi. Ya pili, "Sources", ni vyanzo vilivyomo ndani ya onyesho moja, vimetandikwa kama shuka: cha juu hufunika cha chini. Chanzo kinaweza kuwa picha, video, maandishi, kamera, dirisha la programu nyingine au ukurasa wa wavuti. Chanzo kimoja kinaweza kuwekwa kwenye maonyesho mengi, na ukirekebisha sifa zake mahali pamoja, zinabadilika kote. Kwenye PowerPoint kila kitu kinafungwa ndani ya slaidi yake. Hapa nembo ya sherehe inaweza kukaa pale pale pembeni huku vyote vilivyo chini yake vinabadilika.

Kabla ya kuongeza chochote, fungua mipangilio ya video. Weka turubai, yaani uwanja ambao vyanzo vyote hupangwa juu yake, iwe pikseli 1920 kwa 1080, ukubwa wa kutolea uwe huohuo, na fremu 30 kwa sekunde. Projekta ya 1280 kwa 800 itaonyesha turubai hiyo ikiwa na ukanda mweusi wa pikseli 40 juu na 40 chini, jambo ambalo halimsumbui mtu. Ile ya 1024 kwa 768 itaacha pikseli 96 juu na 96 chini, na hapo inabidi uamue: ama uvumilie ukanda huo, ama utengeneze turubai ya 1024 kwa 768 tangu mwanzo na kupanga vyote upya. Kubadili turubai baada ya kazi kukamilika ni kujitakia usiku mrefu, kwa sababu vyanzo vingi vinaweza kuhama.

Kama kamera ndiyo itakayoshika skrini muda mwingi, fikiria fremu 25 au 50 badala ya 30. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa Hz 50, na taa nyingi za kumbi humeta kwenye kamera iliyowekwa kasi ya shata 1/60. Kamera ikiwekwa 1/50 na fremu 25 au 50, kumeta kunatulia, na OBS ikifuata hesabu hiyohiyo mwendo wa watu unakuwa laini.

Kuna hatua moja ndogo ambayo watu huiruka. Ukishaweka picha au video, bonyeza Ctrl+F ienee kwenye turubai, kisha Ctrl+E ufungue jedwali la vipimo na uchague aina ya fremu ya kuzuia inayokuza au kupunguza picha mpaka itoshe ndani yake, yenye pikseli 1920 kwa 1080. Bila hiyo, siku mteja akileta picha nyingine ya ukubwa tofauti dakika kumi kabla ya kuanza, utaibadilisha na itatokea ndogo pembeni au kubwa iliyokatwa vichwa. Ukiwa na fremu ya kuzuia, faili jipya linakaa mahali pa la zamani bila kuguswa.

Picha kuyeyukia kwenye video

Hapa ndipo programu hii inapojipatia heshima, na ndipo pia makosa mengi hufanyika. Chukua mfano wa picha 40 za familia zinazopita zenyewe, zikifuatwa na video ya dakika tatu ya wazazi wakizungumza, kisha kamera ikimwonyesha mshereheshaji.

Picha huingia kwa chanzo kiitwacho "Image Slide Show". Muda wa kila picha uwe milisekunde 6000, mpito kati ya picha na picha uwe 1000, na aina ya mpito iwe kufifia. Lakini zipunguze kwanza. Picha ya kamera yenye pikseli 6000 kwa 4000 inaweza kuwa MB 8 tu kwenye diski. Ikishafunguliwa, kila pikseli huchukua baiti 4, hivyo picha moja hukaa kwenye kumbukumbu kwa MB 96. Picha 40 za namna hiyo zinakaribia GB 4. Picha hiyohiyo ikipunguzwa itoshe ndani ya 1920 kwa 1080 haifiki MB 8.5, na hakuna jicho ukumbini litakaloona tofauti, maana projekta yenyewe haina pikseli za ziada za kuonyesha. Matoleo ya zamani ya OBS yalikuwa yakipakia picha zote kwa pamoja, na albamu nzito iliigandisha kompyuta dhaifu. Picha za simu zilizopigwa wima ziwekewe chini yake picha ya rangi ya sherehe, ili pande mbili zisibaki nyeusi. Picha ikija imelala ubavu, izungushe kwenye programu ya picha na uihifadhi upya. Usiizungushe ndani ya OBS, maana utawazungusha na wenzake wote kwenye foleni.

Video huingia kwa "Media Source". Ndani ya sifa zake kuna visanduku vinne vinavyostahili kusomwa kwa makini.

Cha kuanza upya kila chanzo kinapotokea hewani: kwa video kiachwe kimewekwa alama, ili wazazi waanze kuzungumza mwanzoni na si katikati. Cha kuonyesha utupu video inapoisha: hiki huja kimewekwa alama, na ndicho kinacholeta ile skrini nyeusi ya ghafla. Ukikiondoa, fremu ya mwisho hubaki imesimama. Sisi tunapendelea njia ya pili, kukiacha na kuweka picha ya sherehe kwenye tabaka la chini kabisa la onyesho hilo, kwa sababu fremu ya mwisho ya video za nyumbani mara nyingi ni mzazi aliyefumba jicho moja au kamera ikishushwa kuelekea sakafuni. Video ikiisha, picha iliyo chini inajitokeza yenyewe na mshereheshaji anapata muda wa kushika kipaza sauti. Cha kufunga faili lisipotumika: kiache bila alama ili video iwe tayari, kiwekee alama tu ukiwa na mafaili mengi mazito na kumbukumbu haitoshi. Cha kutumia kadi ya picha kufumbua video: jaribu kwa hali zote mbili, ubaki na ile isiyokwama kwenye kompyuta yako.

Sasa mpito wenyewe. OBS huja na kufifia kwa milisekunde 300. Kutoka kamera moja kwenda nyingine hiyo inatosha, lakini kutoka picha ya marehemu babu kwenda sauti ya mama inakuwa kama mtu kafunga mlango. Weka 1000. Ukibofya onyesho kwa kitufe cha kulia unaweza kulipa mpito wake na muda wake peke yake, hivyo maonyesho ya kamera yakabaki na 300 na ya kumbukumbu yakawa na 1000.

Lakini angalia jambo hili kwa ukaribu. Video huanza kukimbia pale mpito unapoanza, si unapoisha. Kwa mpito wa sekunde moja, sekunde nzima ya kwanza ya video inaonekana nusu, ikiwa imechanganyika na picha iliyotangulia. Kama mama anasema "Mwanangu" kwenye sekunde hiyo ya kwanza, neno hilo wageni watalisikia huku bado wanamwona babu. Kwa hiyo kwenye uhariri, kila video iongezewe sekunde moja na nusu ya picha tulivu kabla ya neno la kwanza, na sekunde mbili baada ya neno la mwisho. Mwambie hivyo mhariri wa video mapema. Ni ombi dogo, na ndilo linalotofautisha kazi ya fundi na kazi ya kubahatisha.

Kwa mikutano ya kampuni kuna mpito wa nembo inayopita na kufunika skrini, uitwao "Stinger". Unahitaji video fupi yenye sehemu wazi, kwa kawaida WebM, na namba moja sahihi: wakati wa kubadili. Tuseme video ni ya fremu 30 kwa sekunde na nembo imefunika skrini yote kuanzia fremu ya 16 hadi ya 20. Wakati wa kubadili ni fremu ya 18, yaani milisekunde 600. Ukiweka 400, watu wataona picha ya chini ikiruka kabla haijafunikwa, na nembo itapita juu ya mshono uliokwisha kuonekana. Tumia mpito huu mara tatu au nne katika siku nzima. Ukiurudia kila slaidi, macho yanachoka.

Sauti, palipo na kasoro

Anayeanza kutumia OBS ukumbini hukutana na ukimya kwanza. Video inakimbia, mita za sauti zinaruka kijani, spika hazisemi kitu. Sababu ni kwamba OBS ilijengwa ipeleke sauti kwenye matangazo na kwenye kurekodi, si kwenye spika za kompyuta. Fungua sifa za juu za sauti, na kwenye kila chanzo chenye sauti ubadilishe safu ya usikilizaji iwe "Monitor and Output". Kisha kwenye mipangilio ya sauti uchague kifaa cha usikilizaji: tundu la vipokea sauti, kadi ya sauti ya USB, au HDMI inayokwenda kwenye projekta. Usikiache kwenye kifaa cha kawaida cha Windows, kwa sababu ukichomeka waya wa HDMI Windows inaweza kuhamishia sauti yote huko, na spika za ukumbi zikanyamaza katikati ya shughuli. Spika ya Bluetooth usiifikirie kabisa. Ucheleweshaji wake unafanya midomo na maneno viachane.

Kasoro yenyewe ni hii. Picha inapofifia kwa sekunde moja, sauti inayokwenda kwenye kurekodi hufifia pamoja nayo. Sauti ya usikilizaji, ile inayofika kwenye spika za ukumbi, haipiti kwenye mpito. Inabaki na nguvu zake zote mpaka mpito uishe, kisha inakatika kama uzi. Kwenye video uliyorekodi kila kitu kitasikika laini, na hapo ndipo wengi hudanganyika: wanajaribu nyumbani kwa kurekodi, wanaridhika, na ukumbini wanashtuliwa na mkato.

Dawa ziko mbili na zote zinafaa. Ya kwanza ni kuifanya video yenyewe ijifungue na kujifunga: kwenye uhariri, sauti ipande kwa nusu sekunde mwanzoni na kushuka kwa sekunde mbili mwishoni. Video ikiachwa iishe yenyewe, hakuna mkato. Ya pili ni mkono wa mtu kwenye miksa: laini ya kompyuta iwe kwenye kitelezi chake, na anayekaa kwenye sauti akishushe kabla fundi wa skrini hajabadili onyesho. Kwa shughuli ambayo ratiba hukatwa ghafla, na nyingi huwa hivyo, dawa ya pili ni lazima. Mgeni rasmi akiingia katikati ya video, hakuna uhariri utakaokuokoa.

Muziki wa chini unaopita juu ya maonyesho kadhaa una mbinu yake. Weka wimbo kama "Media Source" kwenye onyesho la kwanza, ondoa alama ya kuanza upya, kisha kwenye onyesho la pili usiongeze wimbo mpya. Chagua kuongeza chanzo kilichopo, na uuchague uleule. Kwa kuwa chanzo ni kimoja na kipo pande zote mbili za mpito, OBS haikizimi, na wimbo unaendelea bila kukatika huku picha zikibadilika. Ukiuingiza mara mbili kama vyanzo viwili tofauti, utasikia wimbo ukijipanda wenyewe kwa muda wa mpito.

Mvumo mzito unaosikika pale tu kompyuta inapochomekwa chaja hautokani na OBS. Ni mzunguko wa ardhi ya umeme kati ya chaja na miksa, na kisanduku cha DI, kile kinachowekwa kati ya kompyuta na miksa, chenye swichi ya kukata ardhi ya laini ya sauti huumaliza. Kisanduku hicho kikae kwenye begi muda wote.

Slaidi za wasemaji

Hapa hakuna njia moja iliyo bora. Kama slaidi ni maandishi na picha tu, zitoe kama picha za PNG na uziweke kwenye chanzo cha picha zinazopita, ukikipa hali ya kusubiri amri badala ya kupita zenyewe, na kitufe cha mkato cha kwenda mbele na cha kurudi nyuma. Angalia tu kwamba PowerPoint, kwa slaidi za upana wa kawaida wa sasa, hutoa picha za 1280 kwa 720 isipobadilishwa, na maandishi madogo yatakuwa na ukungu kwenye skrini kubwa. Ubora huo hupandishwa kwenye rejista ya Windows, thamani iitwayo ExportBitmapResolution: ukiweka 144 unapata 1920 kwa 1080 kamili.

Kama slaidi zina miondoko, picha hazitaibeba. Iambie PowerPoint ionyeshe ndani ya dirisha badala ya skrini nzima. Chaguo hilo liko kwenye mpangilio wa onyesho la slaidi, chini ya kutazamwa na mtu mmoja. Kisha OBS ichukue dirisha hilo kwa "Window Capture", njia ya kunasa iwe ile ya Windows 10, na ukate kingo za dirisha kwa kushikilia Alt huku ukivuta pembe za fremu. Dirisha linaweza kufunikwa na madirisha mengine, lakini lisishushwe kwenye mwambaa wa chini, kwa sababu hapo picha huganda.

Kompyuta mpakato zenye kadi mbili za picha zina tabia ya kuonyesha utupu mweusi unapojaribu kunasa skrini nzima, kwa sababu OBS inaendeshwa na kadi moja na skrini na nyingine. Kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya picha, iongeze OBS kwenye orodha na uichagulie kadi ya kuokoa nguvu ikiwa unanasa skrini ya kompyuta yenyewe. Kama hunasi skrini, iachie kadi yenye nguvu.

Majina ya wasemaji yanayotokea chini ya skrini yaandikwe kwa chanzo cha maandishi kinachosoma kutoka kwenye faili. Fungua faili hilo kwenye Notepad, badilisha jina, hifadhi kwa UTF-8, na skrini inabadilika yenyewe bila kugusa OBS. Msaidizi anaweza kulifanya hilo huku fundi akiangalia kamera.

Kamera

Kadi ndogo za USB za kupokea HDMI ziko kila duka la kompyuta na zinafaa, mradi ujue mipaka yake. Nyingi za bei nafuu ni USB 2.0, ambayo kikomo chake ni megabiti 480 kwa sekunde. Picha ya 1920 kwa 1080 ya fremu 30 katika muundo wa YUY2 inahitaji megabiti 995. Haipiti. Ndiyo maana ukichagua YUY2 unapata mwendo wa kukwama, na ukichagua MJPEG, ambao hubana picha kabla ya kuituma, unapata fremu 30 kamili. Usiiachie OBS ijichagulie: fungua sifa za kifaa, weka ukubwa, fremu na muundo kwa mkono. Kadi mbili kwenye kitovu kimoja cha USB hugawana njia moja, kwa hiyo kila moja ichomekwe kwenye tundu lake la kompyuta.

Kamera itachelewa kidogo nyuma ya mtu halisi jukwaani. Kwa ukumbi mkubwa haionekani sana, lakini wakati wa kuimba au kupiga ngoma, picha ya karibu ya mdomo au mikono huanika ucheleweshaji huo. Mwombe mpiga kamera apige pana.

Skrini ya pili, na kitufe cha Esc

Ukiwa kwenye Windows, bonyeza alama ya Windows na P, chagua kupanua skrini, si kunakili. Kwenye OBS washa "Studio Mode": kushoto unaandaa, kulia ndicho wanachokiona wageni. Bofya kulia juu ya dirisha la upande wa kulia, chagua "Fullscreen Projector", kisha skrini ya pili. Ukibofya upande wa kushoto kwa makosa, ukumbi mzima utakuona ukipanga vitu, na kosa hili ni la kawaida kuliko linavyostahili kuwa.

Kuna hatari nyingine ndogo kwa umbo. Dirisha hilo la skrini ya pili likiwa ndilo lililochaguliwa na mtu akagusa Esc, linafungwa. Wageni wanaiona Windows. Kwa hiyo kabla ya shughuli, mandhari ya Windows iwe nyeusi tupu, mwambaa wa chini ufichwe kwenye skrini ya pili, na arifa zote zizimwe. Kwenye mipangilio ya jumla ya OBS, sehemu ya projekta, weka alama kwenye kuficha mshale na kwenye kukumbuka projekta programu inapofungwa. Hapo ukifunga OBS na kuifungua tena, skrini ya pili inarudi yenyewe.

Tangu toleo la 28, OBS ina njia ya ndani ya kuongozwa kutoka kwenye simu au tableti iliyo kwenye Wi-Fi hiyohiyo, kupitia tundu namba 4455. Weka nywila, na usitumie Wi-Fi ya wageni.

Ikilinganishwa na nyingine

OBS haina orodha ya matukio inayosonga kwa kitufe kimoja, wala skrini ya kumwonyesha msemaji dondoo zake. Kwa kwaya na ibada zenye mashairi na mistari ya Biblia, ProPresenter na EasyWorship zimejengwa kwa kazi hiyo hasa na zitakupunguzia jasho. Zote ni za kulipia. vMix, ambayo ni ya Windows pekee na hutoa siku 60 za majaribio, inashughulikia sauti vizuri zaidi, na anayefanya kazi hii kila wiki kwa malipo atafaidika nayo. PowerPoint peke yake inatosha kama kuna slaidi na video mbili. Inapoingia kamera, au muziki unaovuka kutoka kitu kimoja hadi kingine, OBS inaiacha mbali.

Kwa kompyuta, tofauti na wanavyoogopa wengi, OBS ikiendesha skrini tu bila kurusha wala kurekodi haifanyi kazi ya kubana video, ambayo ndiyo nzito. Core i5 ya miaka michache iliyopita yenye GB 8 inatosha kwa 1080p ya fremu 30. Fungua dirisha la takwimu wakati wa majaribio: fremu zilizokosekana kwa kuchelewa kuchora zikipanda, kadi ya picha imezidiwa, basi punguza ukubwa wa picha au ondoa kurasa za wavuti. Kompyuta iwe kwenye chaja na hali ya nguvu kamili, kwa sababu kwenye betri nyingi hujipunguzia kasi zenyewe.

Faili na kompyuta ya akiba

OBS haibebi video zako ndani yake. Inakumbuka tu anwani ya kila faili kwenye diski. Ukihamisha folda, au ukiacha video kwenye flashi kisha ukaichomoa, chanzo kinabaki kitupu. Weka kila kitu kwenye folda moja fupi, mfano C:\Sherehe, na unakili folda hiyo kwenye kompyuta ya pili ikiwa na anwani ileile. Toa mkusanyiko wa maonyesho kama faili la JSON, uuingize kwenye kompyuta ya pili, na maonyesho yote yatafunguka yakiwa kamili. Kama anwani zimetofautiana, matoleo kuanzia la 27 huonyesha orodha ya faili zisizoonekana. Ionyeshe OBS folda sahihi na itazitafuta zilizobaki.

Video za simu zipitie HandBrake kabla ya kuingia folda hiyo: H.264, ubora RF 20, fremu 30 zisizobadilika. Simu hurekodi kwa fremu zinazopanda na kushuka, na hapo ndipo sauti huachana na midomo taratibu hadi dakika ya tatu mtu anasema kabla hajafungua kinywa. Waombe familia wanaotuma kwa WhatsApp watume kama dokumenti, si kama video. Ikitumwa kama video hubanwa na haitarudi ilivyokuwa.

Kama utarekodi shughuli kutoka humohumo, rekodi kwa MKV. Umeme ukikatika, faili la MKV hubaki na kila kitu mpaka sekunde ya mwisho, wakati MP4 ya kawaida ambayo haikufungwa vizuri huwa haifunguki. Baadaye, kwenye menyu ya faili, OBS yenyewe huigeuza MKV kuwa MP4 bila kupoteza ubora, na kwa rekodi ya saa mbili ni kazi ya muda mfupi tu.